MREJESHO: Nyumba isiyo na hati Dar, imeuzika

Wakuu, asanteni. Niliuliza nitauzaje nyumba yenye karatasi za serikali ya mtaa tu, baada ya benki kumnyima mnunuzi mkopo.

Rehani, yaani nyumba kuwekwa dhamana ya mkopo, husajiliwa juu ya hati miliki. Karatasi ya mtaa inaonyesha mliuziana, umiliki haiusajili. Basi msipoteze miezi na mteja wa mkopo wa nyumba. Tafuteni wa taslimu, au mtumishi anayekopa kwa dhamana ya mshahara.

Kazi kubwa ni mipaka. Majirani wa pande zote nne wasimame kiwanjani na kusaini mchoro. Upande mmoja ubishi ulikuwa hatua mbili kwenye mchongoma. Kamba ilivutwa, vigingi vikapigwa, ndipo saini zikafuata. Mkataba aandike wakili, picha na saini za mashahidi ziwemo. Ridhaa ya mwenzi iwe ya maandishi, la sivyo mauzo ya nyumba ya ndoa yanaweza kupingwa mahakamani.

Pesa zipite benki: 70% kusaini, 30% kukabidhi funguo.

Urasimishaji (kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila kupimwa) ukishaanza mtaani kwenu, jitahidini kusubiri hati. Bei itawalipa.