Tupeane uzoefu: wenye mulilala enterna (bweni ya shule) Bukavu, Kongo, muje mutuambie

Jambo yenu bandugu. Naleta hii mada juu bazee wenye balilala mu enterna za zamani banazidi kupunguka na historia yenyewe iko mu vichwa vyao tu. Muangalie shule ya Alfajiri, ile ya bapadri Bajezuiti. Vijana banapita pale kila siku bila kujua kama ilianza 1938, muji ungali unaitwa Costermansville, jina yake ikiwa Notre-Dame de la Victoire, na ilifunguliwa kwa ajili ya batoto ya bazungu. Jina Alfajiri ilikuja kisha. Sasa batoto ya mitaa ya Kadutu na Bagira bako ndani, na mutu angefikiri ilikuwaka vile tangu mwanzo. Si kweli, na miye nataka batoto yangu bajue.

Museme mulikula nini, nani alilipa, na mulitoka namna gani. Ya mubaya pia museme, ila jina ya masomo (shule) muiache.

*Mwana Nyawera:*
Nitasema ya baba. 1967 alikuwa vakansi anangojea kuingia mwaka wa tatu, mwezi wa munane bamersenere (askari ya kukodiwa) ya muzungu Schramme bakashika Bukavu na bakakaa mupaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Male yake, sanduku ya bati yenye jina yake kwa rangi nyeupe, alikuwa ameiacha mu enterna. Yeye na nyanya bakakimbia kwa miguu njia ya Walungu. Kurudi, male hakuna, blanketi hakuna, akaanza mwaka na daftari moja, mbele matematiki nyuma kifaransa. Bapadri balimupokea bila kumuomba feza ya trimestri ya kwanza na mupaka leo ukisema bapadri mubaya mbele yake anatoka mu nyumba.

*Mama wa Ibanda:*
Miye nililala kwa bamasera (masista). 1972 Mobutu alipokataza majina ya kikristo, surveyanti, mwenye kutuchunga, aliingia na rejista na rula, akapiga musitari kwa kila jina moja moja, sisi tumesimama. Ukiulizwa jina lako jipya na hujaambiwa kwenu, unabuni pale pale. Kisha mwisho wa 1974 Serikali ikakamata masomo ya makanisa, somo ya dini ikatoka, asubui tukawa tunaimba na kucheza animasio ya chama. 1977 zikarudishwa kwa makanisa kwa mapatano, njo asili ya hizi "konvansione" munazosikia.

Chakula ilikuwa maharagi, bugali, maharagi, siku za furaha sambaza (samaki badogo ya ziwa). Hiyo siilalamikie. Yenye sijasamehe ni hii: rafiki yangu aliugua tumbo, akaambiwa anaigiza juu ya kukimbia intero (jaribio ya darasa), akalala hivyo, kesho yake bakamubeba hospitali hajitambui. Alipona, Mungu asifiwe, lakini hakurudi tena, na hakuna mutu alikuja kutueleza kitu, tuliona tu kitanda chake kimetandikiwa mwingine.

*Fundi wa Kasha:*
Kwangu etidi ya jioni, saa ya kujisomea, njo ilifanya kazi. Kimya kabisa, ukikwama unainua mukono, mukubwa wa mwaka wa sita anakuja anakaa kando yako mupaka unaelewa. Ekzeta (mutihani wa serikali wa mwisho) nimepita juu ya bale bakubwa, si juu ya mwalimu.

*Muzee Ekonoma:*
Niongeze upande wa stoki, juu nilitunza stoki ya enterna moja miaka ya 1990 na naona batu banasema vita tu njo iliua enterna. Shida ilianza mbele. Serikali iliacha kulipa balimu sawasawa, bazazi bakaanza kutoa prime (feza ya kuongezea mushahara) ya balimu, na muzazi mufuko wake ni moja: ile feza ya chakula ya mutoto ikageuka mushahara. Tukakubali vitu. Bazazi wa Kabare na Walungu balileta maharagi, muhogo, makala kwa magunia, napima, naandika mu kitabu, muzazi anatia mukono. Kwa kweli ilitembea vizuri. Lakini 1994 wakimbizi kutoka Rwanda bakajaa muji mpaka viwanja vya masomo, bei ya unga ikapanda, na 1996 vita ikafunga njia, magunia hayakufika tena. Mwaka ule ule, tarehe 29 ya mwezi wa kumi, Askofu Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu. Tulifunga dortuari (chumba ya kulala) ya bale badogo kwanza, bakubwa kisha.

*Mwenye mada:*
Muzee, ile kitabu ya magunia iko wapi?

*Muzee Ekonoma:*
Iko kwangu. Kurasa zingine panya alikula, lakini mikono ya bazazi inasomeka. Nitapiga foto nikifunika majina.

*Mwenye mada:*
Tafazali Muzee, hata leo. Na ba Lubumbashi wenye mulilala mu masomo ya Imara kwa Basaleziani ao Tuendelee, tunawangojea.