Naomba ushauri: ukingo wa mto unamomonyoka na mashua inavuja

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Marehemu baba aliniachia minazi michache kando ya Mto Lukuledi, huku Lindi, pamoja na mashua yake ya futi 18. Mvua zilizopita zimekula ukingo kama hatua nne. Mnazi mmoja umeshainamia maji, mizizi nje kama ndevu. Nilipanga viroba vya mchanga, bamvua (maji makuu ya bahari) la kwanza tu likavizoa. Jirani anasema nijenge ukuta wa mawe, lakini Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, nami sitaki kesi.

Mashua ilikaa juu, kavu, miezi mitano. Nimeikwangua, nikaiunguza tumbo kwa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, nikatia kalafati, yaani kuziba nyufa kati ya mbao, kwa pamba yenye mafuta ya sifa (ya ini la papa). Juzi nimeishusha: haikupita saa, maji yakafika kwenye mataruma (mbavu za mashua). Yanaingilia karibu na mkuku (uti wa mgongo wa chini), kwenye ubao mmoja. Ncha ya kisu inazama hapo kidogo, si sana. Fundi mmoja kaangalia dakika mbili akataka kubadilisha mbao zote za chini. Sijamwamini.

Naomba kujua:
Niiache majini siku kadhaa mbao zivimbe, au ubao huo nautoa sasa hivi?
Na ukingoni, kati ya matete na mikoko, kipi kinashika udongo haraka pale maji ya chumvi yanapopanda?

Upepo wa kusi umeshaanza, nategemea majibu yenu.