Tupeane uzoefu: wenye watu wao Ujerumani, hiki chama cha AfD mmekionaje huko?

Mama wa Tudor
Asalaam aleikum jamaa. Binti yangu amefaulu mtihani wa Kijerumani kiwango cha B1, karatasi za kusomea unesi zinaendelea. Kapangiwa Halle, mashariki. Nilikuwa na furaha mpaka kakake akanionyesha ramani ya uchaguzi wa Februari 2025: mashariki karibu kote buluu, rangi ya AfD. Kilianza 2013 na profesa wa uchumi, Bernd Lucke, akilalamikia yuro. Mwaka huo kilipata asilimia 4.7, bungeni hakikuingia. Februari 2025 kikapata asilimia 20.8 na viti 152, kikawa chama kikuu cha upinzani, na wimbo wake ni kupinga wahamiaji. Maneno ya kuambiwa sitaki. Aliyeona kwa macho yake anisimulie.

Mkaa Mtwapa
Nilikaa Dresden, huko huko mashariki, tangu 2014 hadi 2018. Jumatatu jioni watu wa Pegida, kundi la kupinga Uislamu na wahamiaji, waliandamana. Mwenye nyumba wangu, ajuza wa miaka sabini na kitu, alikuwa akinigongea mlango: leo usishuke mjini, njoo tule supu ya viazi. 2017 akanambia mwenyewe kawapigia kura AfD. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema, "Wewe si wao." Neno hilo limenikwama kooni hadi leo, maana supu yake ilikuwa ya mapenzi ya kweli.

Wa hoteli, Bamburi
Nina mgeni wa kila Januari, mtu wa Thuringia, jimbo la mashariki. Kiwanda chao kilifungwa baada ya Ujerumani Mashariki na Magharibi kuungana 1990, watoto wakahamia magharibi. Anawapigia kura hao hao AfD. Kwangu ni mpole, lakini mtaje Msyria uone uso unavyobadilika.

Mlikoni
Mama, hofu yako naijua. Agosti 1997 nilikuwa na miaka 12 hapa Likoni. Vikaratasi vilikuwa vishapita: watu wa bara warudi kwao. Kisha kituo cha polisi kikavamiwa, nyumba zikachomwa. Jirani yetu, fundi cherehani Mluo, alilala uvunguni mwa kitanda cha mamangu siku tatu. Chakula nilimpelekea mimi, mkono tu ukitokeza kupokea sahani. Waliomsaka walikuwa vijana aliowashonea sare za shule. Ndiyo maana nikisikia chama popote duniani kinahesabu nani arudi kwao, tumbo hunikata. Sisi wa pwani kazi hatukuwa nazo kweli, ardhi tulinyang'anywa kweli. Lakini yule fundi alikuwa amechukua nini?

Nesi Leipzig
Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi. Januari 2024 ilipofichuka habari ya mkutano wa Potsdam, ambako wanasiasa wa AfD walikaa na wengine kuzungumzia kuwarudisha watu makwao kwa wingi, wenzangu Wajerumani walijaa barabarani. Wodini kwangu, mzee mmoja alikunja mkono, hataki nimpime presha. Msimamizi akamwambia, nesi wa zamu ni huyu, ukipimwa utapimwa na yeye. Akaunyoosha. Nililia chooni, kisha nikarudi wodini. Vyama vingine bado vinakataa kuungana nao serikalini, na wauguzi wanahitajika sana. Aje, ila ajue.

Mama wa Tudor
Nesi, mwanangu, Halle na hapo ulipo ni mbali?

Nesi Leipzig
Nusu saa hivi kwa treni. Nitumie siku ya safari, nitampokea stesheni. Mwambie koti zito asinunue huko, ninalo la kumpa.