Kuenea kwa presha Kisauni: watu 200 wa kituo cha afya watatosha?

BintiMtopanga:
Salaam wataalamu. Nataka kujua ni sehemu gani ya watu wazima wa Kisauni, hapa Mombasa, wana presha ya juu. Mpango ni kupima watu 200 wanaofika kituo cha afya, kila mmoja mara moja, kwa mashine ya elektroniki. Watatosha? Na walioanza dawa niwaondoe?

MzeeTakwimu:
Dada, hiyo mia mbili ndiyo kasoro ndogo. Kubwa ni kwamba anayefika kituoni kaletwa na ugonjwa. Dereva wa tuktuk anayejiona mzima humkuti kwenye foleni. Utapata kiwango cha wagonjwa wa kituo hicho, si cha Kisauni. Ingia mitaani.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta asilimia 23.8 ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 wana presha ya juu, kwa hiyo anza na 0.24. Kwa uhakika wa asilimia 95 (ndiyo 1.96) na kosa la pointi 5 (0.05), na 0.76 ikiwa ni wasio na presha: 1.96² × 0.24 × 0.76 ÷ 0.05² = 281. Wengi husimama hapo, na ndipo wanapokosea. Utachukua watu kwa mafungu, na majirani hufanana kwa chakula na kipato, hivyo zidisha kwa 2: 562. Gawanya kwa 0.9 kufidia watakaokataa: 625. Maeneo 30 ya sensa, kaya 21 kila eneo.

Kaya ni wanaokula chungu kimoja. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita vya wapangaji sita ni kaya sita. Chagua kwa bahati nasibu mtu mzima mmoja kila kaya, usimchukue tu aliyefungua mlango. Andika idadi ya watu wazima humo, maana aishiye peke yake lazima achaguliwe, na aliye kati ya watano ana nafasi moja kwa tano. Wakati wa uchambuzi utampa kila mmoja uzito wa kitakwimu kufuata idadi hiyo, ili kusawazisha nafasi hizo.

Wanaotumia dawa wabaki. Mwenye 118/76 kwa sababu ya vidonge bado ni mgonjwa wa presha. Ukimwondoa, unashusha kiwango kwa uongo.

NesiWaPwani:
Kipimo kimoja hakifai kabisa. Cha kwanza mara nyingi huwa juu. Mtu akae kimya dakika 15, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, kibofu kitupu. Pima mara tatu kwa kupumzika dakika tatu katikati, tupa cha kwanza, chukua wastani wa viwili vya mwisho. Namba ya juu ikifika 140 au zaidi, au ya chini ikifika 90 au zaidi, mwandike ana presha.

Mkanda wa mashine unaofungwa mkononi pia: pima mzingo wa mkono kwa utepe kwanza. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ilivyo. Mkono uwe mezani usawa wa moyo, usining'inie. Mkono wa nguo uliokunjwa ukabana juu ya mkanda nao huharibu kipimo, kwa hiyo awepo mpimaji wa kike ili mama avue buibui kwa faragha.

BintiMtopanga:
Shukran sana. Anayetafuna muguka (majani ya jamii ya miraa) mlangoni je?

NesiWaPwani:
Usimpime hapo hapo. Muguka hupandisha presha na mapigo, na athari yake huchukua masaa. Panga urudi asubuhi kabla hajaanza, na uandike matumizi yake kwenye fomu. Kahawa tungu au sigara, ngoja angalau nusu saa. Atakayefika 180/110 mpe barua ya rufaa siku ile ile. Akiwa na maumivu ya kifua au udhaifu wa upande mmoja, apelekwe hospitali hapo hapo.

MzeeTakwimu:
Kibali cha kamati ya maadili kwanza, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kisha idara ya afya ya kaunti. Bila hivyo usiguse mkono wa mtu. Wanaume wengi hushinda kazini, basi rudi jioni na wikendi, mara tatu kabla ya kuandika "hakupatikana". Usimbadilishe na jirani aliyepo.

Na kila jioni hesabu tarakimu za mwisho za vipimo. Mashine haipendelei sifuri. Ukiona 120, 130, 140 zimejaa kwenye fomu za mpimaji mmoja, huenda anakadiria badala ya kusoma mashine; kaya zake zirudiwe kesho yake.