Mrejesho: mwani kwenye tangi la samaki la maji ya chumvi

Jamani, ni yule wa Kisauni niliyelalamikia mwani wa nyuzinyuzi uliofunika mawe ya tangi, ukiung'oa leo kesho umerudi. Ahsanteni, hasa aliyesema nipime maji ya kujazia. Maji ya kisima yana naitreti (kirutubisho kinachokuza mwani) nyingi kuliko tangi lenyewe! Na kwa joto letu hili, kinachokauka ni maji matupu. Naitreti inabaki, nawe unaongeza nyingine. Mwani ulikuwa ukilishwa kwa ndoo.

Sasa najazia maji yaliyochujwa kwa osmosisi ya kinyume (yanasukumwa kwenye utando unaozuia sehemu kubwa ya naitreti), na taa huwaka saa nane tu kwa siku. Konokono wanasafisha kioo, nyuzi ndefu hawazigusi. Mchapakazi ni samaki, tasi mdogo niliyeletewa na mvuvi, anakula mwani kutwa. Ila miiba yake ina sumu, msimshike mkono mtupu, na akikua atataka tangi kubwa.

Fosfeti, kirutubisho kingine cha mwani, bado iko juu. Nashuku mawe yanaitoa taratibu. Dawa ya kuua mwani sitaki: ukifa wote kwa mpigo unaozea humo humo na kumaliza oksijeni. Mwenye chembechembe za kunyonya fosfeti hapa Mombasa anitajie bei.