Leseni ya kusuka nywele Marekani: majimbo yaifute au ibaki?

Mwana wa Lushoto (mleta mada)
Wakuu, habari za siku. Hapa Texas msusi haulizwi leseni tangu 2015. Louisiana waliweka saa 500 za darasani. Jirani zao Mississippi mwaka 2005 wakaamua msusi ajiandikishe tu, alipe dola 25 na afuate kanuni za usafi. Kufikia 2012 Mississippi ilikuwa na wasusi walioandikishwa zaidi ya 1,200. Louisiana, yenye watu weusi wengi zaidi, walikuwa 32. Kwani wengine waliacha kusuka? Wanasukia jikoni, mapazia yamefungwa. Mimi nasema majimbo yote yafute, na serikali kuu isikae pembeni. Mnasemaje?

Bwana Afya
Sikubali. Nimewaona watoto waliotoka na mapunye saluni, na wanawake wa miaka thelathini ambao nywele za mbele zimeng'oka na hazioti tena kwa sababu msusi alivuta mno. Dola 25 hazimlindi mtu. Tena tuwe wakweli, kusuka ni mambo ya barazani, kila binti wa kwetu anajua. Anayetaka kulipwa kwa hilo asome kidogo.

Binti Makorora
"Kila binti anajua"! Kaka, umewahi kumkalisha mtu ukamsuka? Mama yangu alitusomesha wanne kwa vidole vyake, Tanga, kwenye mkeka chini ya mwembe. Msuko wa twende kilioni unadhani ni kurudisha nywele nyuma basi? Mstari ukipinda utosini, kichwa kizima kimeharibika, unafumua unaanza upya. Rasta ndogo unasimama kwa muda wa saa nane nzima. Na hizo nywele za mbele, msusi anayejua kazi ndiye anayekwambia hapa pamechoka, papumzishe miezi miwili. Hayo tumefundishwa na mama zetu. Chuo cha urembo nilichosoma huku kilinifundisha kuweka dawa, kukata nywele za Kizungu na kupaka rangi kucha. Kusuka hawakugusa! Nimelipa maelfu ya dola kwa vitu nisivyovifanya hata siku moja, halafu mtu ananiambia nisome kidogo.

Kipanga
Dada, pole, ila umejipinga. Kama ni taaluma ngumu hivyo, mbona leseni huitaki? Madaktari wanayo.

Binti Makorora
Fundi anayechonga milango ya Zanzibar ana leseni gani? Ufundi wake unauona mlangoni.

Mvita
Hapo kwa madaktari ndipo paniumapo. Mimi ni muuguzi, Mombasa nimekaa wodini miaka tisa. Huku naogesha wazee, nimeanza moja. Arizona walipitisha sheria 2019 ya kutambua leseni za popote. Hawa wengine wangoja nini?

Mwana wa Lushoto
Samahani dada, sheria ile ni kwa leseni za majimbo mengine ya Marekani, ya Kenya haimo. Ila Tennessee 2023 walipitisha sheria ya kumpa daktari aliyesomea nje leseni ya muda, afanye kazi chini ya usimamizi bila kurudia mafunzo ya hospitali za huku.

Mvita
Daktari. Na muuguzi je?

Mzee wa Ilala
Mnanishangaza nyinyi wabeba maboksi wa ughaibuni. Kila siku mnatuambia huko kuna uhuru, kumbe hata kusuka mpaka ruhusa ya serikali? Sisi enzi za Rais Mwinyi, milango ya biashara ilipofunguliwa, sabuni na nguo zilirudi madukani. Soko lina akili.

Mvita
Shikamoo mzee. Neno la maboksi uliondoe. Boksi hilo ndilo linalomnunulia mamangu dawa kila mwezi.

Bwana Afya
Na enzi hizo hizo za Mwinyi, 1993, wagonjwa wakaanza kuchangia gharama hospitalini. Akili ya soko ilikuwa wapi?

Mzee wa Ilala
Uchangiaji ule haukuwa soko! Serikali ilikuwa imeishiwa. Usichanganye vitu kwa mtu aliyepanga foleni ya unga.

Mwana wa Lushoto
Wakuu, turudi kwenye mada. Tuulize nani anakaa kwenye bodi zinazotoa hizo leseni. North Carolina, bodi ya madaktari wa meno ilishikwa na madaktari wa meno wenyewe, ikawazuia watu wengine kung'arisha meno kwa bei nafuu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, majaji sita kwa watatu, ikasema bodi kama hiyo haina kinga dhidi ya sheria za ushindani kama jimbo haliisimamii kwa dhati. Na Utah, Jestina Clayton, mama kutoka Sierra Leone, aliambiwa akasome saa elfu moja ndipo asuke.

Kipanga
Elfu mbili. Jaji wa shirikisho aliitupa sharti hiyo 2012.

Mwana wa Lushoto
Asante, elfu mbili. Washindani wako ndio wanaokupa ruhusa ya kushindana nao. Hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo.

Bwana Afya
Hukuisema mwanzo, ulianza na dola 25. Hapo kwenye bodi nakubali, na saa elfu mbili ni uonevu. Lakini usafi lazima ukaguliwe. Mafunzo ya siku moja, mkaguzi apite. Siachii.

Mwana wa Lushoto
Siku moja naipokea, alimradi mkaguzi asiwe mwenye saluni ya jirani.

Binti Makorora
Nyinyi mmeshapatana. Mimi bado. Bwana Afya, "mambo ya barazani" bado nayaona hapo juu.

Bwana Afya
Dada, nilimaanisha ni mila yetu sote, hatuwezi kuifungia.

Binti Makorora
Ulimaanisha ni rahisi. Mama yangu vidole vimepinda, hafungui hata kifuniko cha chupa. Mwambie yeye.