Mafunzo kwa vitendo: niende Dar es Salaam au nirudi Naliendele?

Mwana wa Tandahimba

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wenzangu. Nasoma mwaka wa pili, shahada ya kwanza ya agronomia, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na muhula huu ukiisha natakiwa kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Baba yangu mdogo amenitafutia nafasi katika kampuni ya pembejeo Dar es Salaam, ambako nitakaa kwake bila kulipa kodi. Mimi mwenyewe navutwa zaidi na kituo cha Naliendele, mkoani Mtwara, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kwa sababu mikorosho ndiyo iliyonisomesha, na kwa sababu mhadhiri wangu mmoja ameandika makala kuhusu magonjwa ya mimea ambazo nimeanza kuzisoma. Wazee nyumbani wanaona kwamba kurudi Mtwara ni kurudi nyuma. Je, jina la kampuni ya mjini litanifaa kiasi gani nitakapoomba kazi? Na je, utafiti wa wahadhiri uingie katika uamuzi huu, au hayo ni mambo yao na vyeo vyao?

Mtafiti Mstaafu, Mtwara Mjini

Marahaba, mwanangu. Anza na kalenda kabla ya jina la mahali. Mafunzo yenu kwa kawaida huangukia kati ya Julai na Septemba, na hiyo ndiyo miezi ambayo mikorosho ya huku kwetu huchipua na kuchanua, ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu unaoonekana kama unga mweupe, ukavamia machipukizi na maua, na wakulima wakawa mashambani wakipuliza salfa kuuzuia. Mwanafunzi wa agronomia aliyeko Naliendele kipindi hicho huona ugonjwa tangu unga mweupe wa kwanza juu ya ua hadi shada zima linapokauka, na huona pia tofauti kati ya mti uliopulizwa kwa wakati na ule uliochelewa. Dar es Salaam utajifunza namna salfa inavyoagizwa, inavyohifadhiwa na inavyouzwa. Ni elimu ya maana, lakini waweza kuipata mwezi wowote wa mwaka.

Wazee wako wanaosema ni kurudi nyuma wakumbushe waliyoyaona wenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mashamba yao, bei ikawavunja moyo, na ubwiriunga ukamalizia. Utafiti wa Naliendele kuhusu salfa, usafi wa mashamba na mbegu bora ulikuwa sehemu kubwa ya kunyanyuka kwa zao hili, hata msimu wa 2017/18 ukavuka tani 300,000. Sisemi kwamba utafiti peke yake ndio uliofanya hayo, maana bei nzuri nayo iliwarudisha watu shambani. Nasema kwamba kazi iliyofanyika hapa ilibadilisha maisha ya mkoa mzima, na mtu anayekwenda kujifunza kazi ya namna hiyo hajarudi nyuma hata kidogo.

Ila usiandike barua ya kuomba kupokelewa tu. Kituo kinashughulikia pia ufuta, karanga na muhogo, na ndani ya korosho yenyewe wapo wa magonjwa, wapo wa mbegu, na wapo wa wadudu, wanaochunguza mbu wa mikorosho na namna majimoto, wale sisimizi wa mitini, wanavyoweza kuulinda mti dhidi yake. Taja sehemu unayotaka, na utoe sababu.

Binti wa Nachingwea

Naafikiana na mzee kuhusu kalenda, na naongeza kwamba inategemea mtu anasoma nini. Mimi nilisoma uchumi wa kilimo, nikapelekwa miezi hiyohiyo katika chama cha msingi kimoja cha ushirika kujifunza mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka mazao ghalani, akapewa stakabadhi, kisha yakauzwa mnadani, ilhali minada ya korosho huanza Oktoba. Ghala lilikuwa tupu, na hakuna mtu pale aliyekuwa amenipangia kazi, kwa hiyo nilishinda nikinakili majina ya wanachama. Kwa agronomia miezi hiyo ni sahihi kabisa.

Usidharau, hata hivyo, nyumba ya baba yako mdogo. Fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo zinaweza kuchelewa, na si kila mwanafunzi anazipata, kwa hiyo panga chakula na nauli ya Mtwara kabla hujaondoka Morogoro. Kuhusu ajira, katika usaili wangu wote niliulizwa nilifanya nini na ninaweza kukieleza vipi, na jina la ofisi halikuwahi kuniokoa. Kampuni ya mjini unaweza kuiomba baadaye, ukishahitimu, kwa ajili ya utarajali.

Mhadhiri

Nijibu swali la pili, kwa kuwa linatuhusu sisi. Ni kweli kwamba mhadhiri hapandi kuwa mhadhiri mwandamizi au profesa mshiriki bila machapisho. Hata hivyo, makala hizo ni ramani yako. Soma sehemu inayoeleza mbinu na mahali pa utafiti, kisha tazama taasisi za waandishi wenza: ukikuta mhadhiri wako ameandika pamoja na watafiti wa kituo fulani, umepata mtu anayeweza kukuandikia barua mahali anapofahamika, na msimamizi ambaye utafiti wako wa mwaka wa tatu utamgusa kwelikweli. Machapisho mengi ya wahadhiri wenu yamo katika hifadhi ya mtandaoni ya chuo, tena bila malipo.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu nimeona vijana wakiumia nalo. Takwimu utakazokusanya ukiwa mafunzoni si zako mpaka uruhusiwe. Ukitarajia kuzitumia katika ripoti ya mwisho, omba ruhusa ya maandishi mapema, na mkubaliane kama jina lako litatajwa katika shukrani au miongoni mwa waandishi. Aliyepima miti tu kwa kawaida hushukuriwa. Aliyeshiriki kuchambua na kuandika ana haki ya kuwa mwandishi.

Mwana wa Tandahimba

Nawashukuru sana. Nitamweleza baba mdogo kwa heshima kwamba naiomba nafasi yake kwa ajili ya utarajali, na sasa nielekee Naliendele, upande wa magonjwa. Barua niielekeze kwa mtafiti au kwa mkuu wa kituo?

Mtafiti Mstaafu, Mtwara Mjini

Kwa mkuu wa kituo, mwanangu, ikiambatana na barua ya utambulisho ya chuo, na nakala umpelekee mtafiti unayetaka kufanya naye kazi. Itume mapema, kwani nafasi si nyingi na waombaji hutoka vyuo vingi. Ukija, njoo na barakoa nzuri, miwani ya kinga na shati la mikono mirefu, maana unga wa salfa huwasha macho na kifua, na upulizaji hufanyika alfajiri upepo ukiwa umetulia.